Dubai Ikifungwa Wiki ya Krismasi: Namna ya Kupanga Safari ya Ng'ambo Bila Kupoteza Akiba ya Chama

Jumatatu ya tarehe 20 Disemba 2021, siku tano kabla ya Krismasi, shirika la ndege la Emirates liliacha kubeba abiria kutoka Nairobi kwenda Dubai. Tangazo la kwanza lilisema ni kwa saa 48. Saa 48 zikapita, marufuku ikaongezwa, na kufikia siku yenyewe ya Krismasi Falme za Kiarabu zilikuwa zimewafungia wasafiri kutoka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Tarehe 10 Januari 2022 Kenya nayo ikazuia ndege za abiria zinazotoka Falme hizo. Mambo yalipofunguka mwishoni mwa Januari, sikukuu zilikuwa zimekwisha na ruhusa ya kazini imeisha. Aliyechanga mwaka mzima alibaki Umoja au Donholm na tiketi asiyojua aifanyie nini.

Naanza na kisa hiki kwa sababu Dubai ndiyo ng'ambo ya kwanza kwa watu wengi wa Eastlands, Nairobi. Wafanyabiashara wa Eastleigh huenda kuchukua mzigo huko, na vyama vya akina mama wa Buruburu, Komarock na Kayole huchanga kwa miezi mingi ili waende kupumzika, wapige picha, wanunue kidogo na warudi. Ni pesa za kijasho. Zinatoka kwenye kibanda cha mboga, kwenye saluni, kwenye mshahara wa mwalimu, na zikipotea hazirudi kwa urahisi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba corona si dharura ya kimataifa tena. Lakini tangu hapo tumeona mpox ikitangazwa kuwa dharura Agosti 2024, virusi vya Marburg Rwanda mwezi uliofuata, na Ebola mjini Kampala Januari 2025. Marburg ilipozuka Rwanda, Marekani ilianza kuwapima kwenye viwanja vyake wasafiri waliotokea huko. Masharti yatabadilika tena, na hakuna atakayekuuliza kama umeshalipa hoteli. Kwa hivyo ninalokusihi ni hili: panga pesa kwanza, upange safari baadaye. Safari iliyoahirishwa inauma kwa wiki chache. Pesa zilizopotelea mikononi mwa mtu huvunja chama na urafiki wa miaka.

Mpaka unaweza kufungwa kutoka upande wowote

Watu wengi hutazama masharti ya nchi wanayokwenda tu. Hilo ni kosa la kwanza la kuepuka, kwa sababu miaka ile ya corona ilitufunza kwamba safari hukatika mahali pengi.

Kwanza inaweza kukatikia hapa nyumbani. Kenya ilisimamisha ndege zote za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 25 Machi 2020, na hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti. Mwishoni mwa Aprili 2021 ikatangaza kusimamisha tena ndege za abiria za India, wakati ambapo familia nyingi zilikuwa na wagonjwa wanaotibiwa huko au wanaojiandaa kwenda. Uwanja wa ndege wa JKIA uko Embakasi, ndege zinapita juu ya mapaa yetu, lakini kuwa jirani yake hakukumsaidia mtu.

Inaweza hata kukatikia mtaani kwako. Tarehe 6 Mei 2020 Wizara ya Afya ilifunga Eastleigh: hakuna kuingia, hakuna kutoka, na hali hiyo ikadumu mwezi mzima. Tarehe 26 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizuia watu kuingia na kutoka katika kaunti tano kwa pamoja, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, mpaka mwanzoni mwa Mei. Ikiwa mwenzenu wa safari anaishi Kisumu au Mombasa, mwambie afike Nairobi mapema hali ikianza kuwa tete, asingoje mkesha wa safari. Na kama kuna kafyu, tembea na tiketi iliyochapishwa. Wakati wa kafyu ya corona, msafiri mwenye tiketi ya ndege aliruhusiwa kupita usiku, na dereva wake alipaswa kuonyesha ushahidi kwamba ametoka kumpeleka au kumchukua abiria. Dereva wa teksi wa Tassia anayekupeleka saa nane usiku anahitaji kujua hilo kabla hajafika kwenye kizuizi cha polisi.

Pia inaweza kukatika kwa ugomvi wa serikali mbili, na huu ndio usiotabirika kabisa. Kenya ilipofungua anga lake Agosti 2020, Tanzania haikuwa kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawangewekwa karantini. Tanzania ikajibu kwa kuizuia Kenya Airways kutua kwake, na marufuku hiyo ikaondolewa Septemba. Mtu wa Jericho aliyekuwa amepanga kwenda Zanzibar alikwama ingawa hakuwa mgonjwa. Uingereza nayo ilitangaza tarehe 2 Aprili 2021 kwamba Kenya inaingia kwenye orodha yake nyekundu kuanzia tarehe 9. Hiyo ni notisi ya wiki moja. Mgeni wa kawaida hakuruhusiwa tena kuingia, na raia au mkazi wa Uingereza aliyerudi kutoka Kenya alilazimika kukaa siku 10 katika hoteli ya karantini kwa gharama yake mwenyewe, pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja, kisha pauni 2,285 kuanzia Agosti. Kenya iliondolewa kwenye orodha tarehe 22 Septemba. Fikiria mama wa Makadara ambaye binti yake ni muuguzi kule na amejifungua Aprili. Mjukuu alikaribia miezi sita kabla ya nyanya kuruhusiwa hata kuingia kwa masharti ya kawaida.

Mwisho, safari hukatikia katikati, mahali unapobadilisha ndege. Unaweza kuruhusiwa Nairobi na kuruhusiwa unakokwenda, halafu nchi ya kupitia ikawa na sharti lake la chanjo au kipimo, au ikakataa abiria wanaotoka kwenu. Ndege ya moja kwa moja inaweza kukugharimu zaidi kidogo, lakini inakuondolea serikali moja ya kufuatilia. Wakati wa hali tete, ningelipa tofauti hiyo bila kusita.

Pesa za chama zikae kwa chama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Chukua mfano wa chama cha watu 12 pale Umoja wanaochanga Sh5,000 kila mwezi kwa miezi 18. Kila mmoja atakuwa na Sh90,000, na chama kitakuwa na Sh1,080,000. Sasa anakuja wakala wa usafiri na mpango wa lipa polepole: mnampa mchango wenu kila mwezi, yeye "anawawekea nafasi", na mwisho mnasafiri. Unavutia, kwa sababu unawalazimisha kuweka akiba. Lakini tazama kilichotokea: kwa miezi 18 mmekuwa mkimkopesha mfanyabiashara bila riba na bila dhamana. Mpaka ukifungwa mwezi wa 15, pesa haziko kwenu, ziko kwake, na huenda amekwisha kuzitumia kulipia safari za watu wengine waliokuja kabla yenu. Hata wakala mwaminifu huishiwa pesa wateja wote wanapodai kwa wakati mmoja, na ndivyo ilivyokuwa 2020.

Kwa maoni yangu chama chochote kisikubali mpango wa aina hiyo. Wekeni akiba yenu wenyewe katika akaunti ya chama, katika Sacco, au katika mfuko wa soko la fedha ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambako pesa hupata faida kidogo na hutolewa ndani ya siku chache za kazi. Watia sahihi wawe watatu, na taarifa ya akaunti isomwe kila mkutano mbele ya wote. Kama chama hakijasajiliwa, kisajilini chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022, ili siku ya mzozo muwe na mahali pa kusimama. Wakala alipwe wakati kuna kitu cha kununua: viza, tiketi, hoteli. Na kila malipo yatoke kwa kitu kinachojulikana, kwa tarehe inayojulikana.

Wekeni pia akiba juu ya bei ya leo. Gharama za nje huhesabiwa kwa dola, na shilingi yetu haikai mahali pamoja. Januari 2024 dola moja ilipita Sh160, na miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka karibu na Sh130. Safari iliyosogezwa mbele kwa miezi sita inaweza kupanda bei hata kama shirika la ndege halijagusa nauli.

Kisha andikeni makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha, lakini uandikwe kabla ya mchango wa kwanza. Mjibu maswali yanayoleta ugomvi: Mmoja wetu akinyimwa viza, wengine wanaendelea? Mmoja akipatikana na ugonjwa siku mbili kabla ya safari, hasara ya tiketi yake inabebwa na yeye au na chama? Nchi ikifungwa, pesa zinagawanywa mara moja au zinangoja mwaka mmoja? Nani ana mamlaka ya kuahirisha? Wekeni tarehe ya kukata shauri, tuseme siku 30 kabla ya kusafiri, ambapo mtaketi na kuamua kwa kura: twende, tubadili mahali, au tuahirishe. Vyama vingi huingia matatani kwa kuwa kila mtu anangoja mwingine aseme.

Wakala, namba yake, na namba ya tiketi

Wakala mzuri ni msaada mkubwa hali inapokuwa mbaya, kwa sababu yeye ndiye atakayekesha akipigania tiketi zenu. Siwapingi mawakala. Lakini Nairobi ina watu wanaojiita mawakala kwa sababu wana simu na picha za Burj Khalifa.

Unamjua kwa jinsi anavyotaka alipwe.

"Dada, nafasi zimebaki mbili tu. Tuma elfu ishirini kwa hii namba yangu nikuwekee."

"Sawa kaka. Nitumie kwanza namba ya paybill ya kampuni, na nakala ya leseni yenu ya Tourism Regulatory Authority."

Mwenye kampuni halali atakutumia zote mbili bila kununa. Leseni hiyo ni ya lazima kisheria kwa mawakala wa usafiri, na unaweza kuithibitisha kwa mamlaka yenyewe. Anayekuambia paybill ina shida wiki hii, mwache.

Ukishalipia tiketi, usiridhike na karatasi yenye picha ya ndege. Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni msimbo wa herufi na tarakimu sita. Uingize kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe, pamoja na jina lako la ukoo, uone kama safari yako inatokea. Cha pili, ambacho ndicho muhimu, ni namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo hulitambulisha shirika: Kenya Airways huanza na 706, Emirates 176, Qatar Airways 157, Ethiopian 071. Msimbo wa sita bila namba ya 13 maana yake ni kwamba nafasi imeshikwa lakini haijalipiwa, na baada ya siku chache kompyuta itaiachilia. Watu wamefika JKIA na masanduku wakiwa na msimbo wa sita peke yake. Hawakusafiri.

Mweka hazina wa chama akusanye namba zote 12 za tarakimu 13 kwenye karatasi moja siku ileile ya malipo, na kila mwanachama aikague yake kwa simu yake mwenyewe.

Kabla ya kulipa, soma masharti ya nauli. Nauli ya bei ya chini kabisa mara nyingi hairudishwi kabisa. Inayofuata huruhusu kubadilisha tarehe kwa ada. Ya juu zaidi hurudisha pesa. Na hata tangazo likisema kubadilisha ni bure, bado utalipa tofauti ya nauli ikiwa tarehe mpya ni ya bei ya juu, na Disemba huwa juu kila mara.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Kuna tofauti kubwa kati ya shirika kufuta ndege, wewe kufuta safari, na nchi kukufungia wakati ndege bado inaruka. Shirika likifuta, una haki ya kudai pesa zako zirudi, hata kama litakupa vocha kwanza. Wengi 2020 walipewa vocha na wakazipokea bila kuuliza. Ukifuta wewe, unabanwa na masharti ya nauli yako. Ndege ikiruka na wewe huruhusiwi kuingia kule, shirika linaweza kusema ndege ilikuwepo na abiria hakutokea. Kwa hivyo ukisikia fununu za kufungwa, usikimbilie kufuta siku ya kwanza. Ngoja uone kama shirika litafuta lenyewe. Lakini usivuke saa ya kuondoka ukiwa kimya. Ikibaki siku moja na bado hujui, piga simu au nenda ofisini, ubadilishe tarehe, na uhakikishe umepata jibu la maandishi. Ukipewa vocha, angalia mwisho wake wa matumizi na kama inaweza kutumiwa na mtu mwingine, kisha ipe mweka hazina aiandike kama pesa.

Nunua safari nzima kwa tiketi moja. Ukinunua Nairobi hadi Addis Ababa kwa shirika moja na Addis hadi Istanbul kwa jingine ili kuokoa elfu chache, ya kwanza ikifutwa, ya pili haina habari nawe.

Hoteli ni rahisi. Chagua zinazoruhusu kufuta bure hadi siku moja au mbili kabla, basi.

Bima inahitaji macho makali. Kwa viza ya Schengen ya Ulaya ni lazima bima ya angalau euro 30,000, lakini bima hiyo inahusu matibabu na kurudishwa nyumbani. Haimaanishi kwamba italipa tiketi yako mpaka ukifungwa. Fungua ukurasa wa mambo yasiyolipiwa na utafute neno la janga au mlipuko wa ugonjwa. Uliza maswali matatu na ujibiwe kwa barua pepe: nikipatikana na ugonjwa kabla ya kuondoka, mnalipa? Nikiwekwa karantini kule, mnalipa hoteli? Serikali ikifunga mpaka, mnalipa? Jibu la swali la tatu mara nyingi ni hapana. Na bima inunuliwe mapema, kwa sababu tukio likishatangazwa, bima iliyonunuliwa baada ya tangazo kwa kawaida hailishughulikii.

Mpangilio wa kulipa

Anza na vitu visivyooza. Pasipoti kwanza, kupitia eCitizen, na alama za vidole Nyayo House. Usiiache hadi mwisho: 2023 maombi yalirundikana kwa miezi kwa sababu ya upungufu wa vitabu na mitambo mibovu ya kuchapisha. Iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi. Mtoto wa chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya wazazi, kwa hivyo kama mzazi mwenzako yuko mbali, shughulikia mapema.

Pamoja na pasipoti, chanja. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Kichukue mara moja na ukitunze ndani ya pasipoti. Wanaokwenda umra au hija kutoka Eastleigh, Pumwani na Majengo wanajua pia chanjo ya uti wa mgongo, ambayo Saudi Arabia inaidai na ni lazima idungwe angalau siku 10 kabla ya kufika.

Baada ya hapo weka hoteli inayofutika, kisha viza. Usinunue tiketi kwa sababu fomu ya viza imeuliza tarehe. Kwa nchi za Schengen inatosha kuonyesha nafasi iliyoshikwa, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Ada ya viza hairudi hata ukinyimwa. Ihesabu kama pesa iliyokwenda. Tiketi inunuliwe viza ikiwa mkononi. Pesa za matumizi zibadilishwe mwisho kabisa.

Majina, vyeti na saa

Jina kwenye pasipoti, kwenye tiketi, na kwenye kila cheti cha afya liwe lile lile, kwa herufi zile zile. Wakati wa chanjo ya corona wengi walijiandikisha kwa kitambulisho, wakitumia majina mawili, ilhali pasipoti ina matatu. Sahihisha hili mapema, maana kusahihisha cheti usiku wa kuamkia safari ni mateso. Weka nakala ya karatasi na nakala kwenye simu, kwani simu huisha moto.

Ujue pia kwamba cheti halali cha Kenya kinaweza kukataliwa kwingine. Katikati ya 2021 mfumo wa vyeti vya Umoja wa Ulaya haukuitambua chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa India, ile ile tuliyokuwa tumepewa kupitia mpango wa kimataifa wa chanjo, COVAX, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiidhinisha. Uingereza ilianza kukubali vyeti vya Kenya Oktoba mwaka huo. Usiulize tu kama umechanjwa. Uliza kama nchi unayokwenda inaitambua chanjo hiyo na cheti hicho.

Kama kipimo kinatakiwa, hesabu saa kwa kalamu. Tuseme ndege inaondoka Jumapili saa nne usiku na sharti ni saa 72 kabla ya kuondoka. Saa 72 nyuma ni Alhamisi saa nne usiku. Ukipimwa Alhamisi mchana, cheti chako kimepitwa na wakati. Pimwa Ijumaa asubuhi, matokeo yatoke Jumamosi. Sharti likiwa saa 48, pimwa Jumamosi asubuhi, na hapo uwe umehakikisha maabara inatoa majibu siku ileile. Nchi nyingine huhesabu hadi kufika, nyingine huhesabu tangu majibu yalipotoka. Soma sentensi yenyewe. Tumia maabara iliyo kwenye orodha ya serikali. Wakati wa corona cheti kilichokubaliwa JKIA kilihitaji msimbo wa Trusted Travel, mfumo wa Umoja wa Afrika, na aliyekwenda kwingine alirudishwa kutoka kaunta.

Usinunue cheti bandia cha River Road. Ugomvi wa Kenya na Dubai ulihusu vipimo ambavyo upande ule haukuviamini, na aliyelipia gharama ni kila mtu aliyepimwa kwa haki. Kukinunua ni wizi dhidi ya majirani zako.

Kuhusu habari: ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi haufai. Mhudumu wa kaunta ya uwanja wa ndege hutazama mfumo unaoitwa Timatic, ambao mashirika ya ndege huutumia kujua nani aruhusiwe kupanda, na baadhi ya mashirika huuweka kwenye tovuti zao kwa abiria wote. Ingiza uraia wako, unakopitia na unakokwenda. Fanya hivyo kabla ya kulipa, wiki moja kabla ya safari, na usiku wa mwisho.

Mahali pa pili

Kila safari iwe na mahali pa pili palipokubaliwa tangu mwanzo. Napenda mahali pasipohitaji viza, kwa kuwa panaweza kupangwa kwa wiki mbili. Afrika Kusini imewaruhusu Wakenya kuingia bila viza hadi siku 90 kwa mwaka tangu tarehe 1 Januari 2023. Zanzibar iko karibu na ina kila kitu ambacho watu hufuata mbali. Na ikiwa hata mipaka ya Afrika Mashariki imefungwa, Diani na Lamu zipo, na pesa zilizobaki zinarudi kwa wanachama.

Kwa mahujaji hakuna mahali pa pili, nalijua hilo. Saudi Arabia ilifunga umra kwa wageni Februari 2020, hija ya mwaka huo ikawa ya wakazi wachache waliokuwa ndani ya nchi, na 2021 ikabaki ya wakazi wa ndani, watu 60,000. Ilipofungua 2022, iliweka kikomo cha umri wa chini ya miaka 65. Wazee walioweka akiba maisha yao yote waliachwa tena. Kama mzazi wako ana nia na ana uwezo, mpeleke mwaka ambao njia iko wazi, usingoje mwaka ulio bora zaidi.

Ukikwama kule

Beba au uwe na njia ya kupata pesa za siku 10 hadi 14 zaidi ya ulizopanga. Beba dawa zako za kila siku za wiki mbili za ziada, pamoja na barua ya daktari. Mwambie mwajiri kwa maandishi, kabla ya kuondoka, kwamba unaweza kuchelewa. Kodi ya nyumba ilipwe ya mwezi unaofuata, kwa sababu msimamizi wa ploti hatajali kwamba uko karantini. Aliyebaki na watoto awe na namba ya shule, pesa za dharura na idhini ya kuwapeleka hospitali. Andika anwani na simu ya ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo kwenye karatasi, hasa kwa mzazi mzee anayesafiri peke yake, na umwekee karatasi hiyo kwenye mkoba anaoushika, usiiweke ndani ya sanduku.

Na kama unasoma haya wakati wakala tayari ameshika pesa za chama chenu, mwandikieni leo mkiomba namba za tiketi za tarakimu 13, moja kwa kila mwanachama. Akisema bado hajanunua, ombeni pesa zirudi kwenye akaunti ya chama hadi siku ya kununua, na mpange tarehe hiyo kwa maandishi. Fanyeni hivyo sasa, mipaka ikiwa wazi na simu yake ikiwa bado inapokelewa.